Hati ya Uwakili Hufa na Aliyeitoa

"Baba alinipa hati ya uwakili mwaka juzi, tena mbele ya wakili. Amefariki mwezi uliopita. Sasa wadogo zangu wananizuia kuuza nyumba. Niwashtaki wapi?"

Kwa maneno hayo au yanayokaribiana nayo, swali hili halikosi kwenye meza yoyote ya msaada wa kisheria Tanzania. Huulizwa ndani ya mahema ya Wiki ya Sheria kila Januari inapoelekea ukingoni. Huulizwa kwenye korido za Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki Temeke, kinachoshughulikia mashauri ya mirathi na ndoa, na huingia kwenye simu za mawakili kwa ujumbe wa usiku. Anayeuliza anaweza kuwa mtoto wa kwanza, mjane, au mpwa aliyekuwa akikusanya kodi za nyumba za mjomba wake aliyeko Muscat. Karatasi aliyoishika ina kila kitu: picha za pasipoti zimebandikwa, sahihi zimekaa mahali pake, muhuri wa wakili unasomeka, ushuru wa stempu umelipwa.

Lakini haina kazi tena. Ilikoma baba alipofariki, na hakuna ofisi wala muhuri wa kuifufua. Hakuna wa kushtakiwa. Wadogo zake wana haki.

Kinachowachosha wanasheria ni kwamba kosa hili hufanywa kwa makusudi mema, na mara nyingi kwa ushauri wa kulipia. Kuna mtu aliyemwambia mzee na wanawe kwamba hati ya uwakili ni njia ya mkato ya kukwepa mirathi. Mirathi, wanaambiwa, ni kikao cha ukoo, cheti cha kifo, fomu, tangazo, mapingamizi na safari za mahakamani. Basi mzee angali hai aweke sahihi hati moja ya kumpa mwanawe madaraka yote, na siku akifumba macho mwana ataendelea na shughuli kana kwamba hakuna kilichotokea. Vishoka wanaozunguka maeneo ya mahakama huuza ushauri huo pamoja na fomu yenyewe. Steshenari nazo zinayo, imeshachapwa, ina nafasi za vitone za kujaza jina na sanduku la posta, kisha sentensi moja ndefu ya Kiingereza inayompa fulani uwezo wa kufanya jambo lolote ambalo mwenye mali angelifanya mwenyewe. Mzee ambaye maisha yake yote amenunua, ameuza na kuozesha kwa Kiswahili anawekeshwa kidole gumba chini ya maneno asiyoyaelewa, ilhali tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama za Tanzania na hakuna kinachozuia hati hiyo kuandikwa kwa lugha anayoijua.

Ushauri huo ni wa uongo kuanzia mzizi.

Hati ya uwakili ni uwakala ulioandikwa. Kwa Tanzania Bara inasimama juu ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa 1961 na kuchota sehemu kubwa ya maneno yake kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Sheria hiyo inataja jinsi uwakala unavyokoma: mwenye mali akiuondoa, wakala akijitoa, kazi ikikamilika, mmoja wao akifariki au akirukwa na akili, au mwenye mali akitangazwa mufilisi. Kifo kimo kwenye orodha hiyo waziwazi. Zanzibar ina sheria yake ya mikataba na utaratibu wake wa mirathi, lakini katika hili haina tofauti, na Kenya vivyo hivyo.

Sababu yake haihitaji shahada. Aliyepewa hati hana mamlaka yake mwenyewe hata chembe. Anatumia ya mwenzake. Akisaini mkataba wa kuuza, anayeuza kisheria ni baba, mkono tu ndio wa mwana. Marehemu hawezi kuuza, hawezi kupangisha, hawezi kukopa, na asichoweza yeye hakuna wa kukifanya kwa niaba yake. Tena mali yenyewe haiko tena mikononi mwake. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, mwakilishi wa marehemu ni msimamizi aliyethibitishwa au kuteuliwa na mahakama, na mahakama ikishamteua, hakuna mwingine mwenye uwezo wa kusimama mahali pa marehemu. Mwenye hati ya uwakili akikutana na msimamizi wa mirathi, hata kama msimamizi ni mdogo wake wa mwisho, anakabidhi funguo.

Hoja inayofuata huwa: lakini baba alitaka hivyo, na kila mtu anajua. Kama baba alitaka nyumba iwe ya mwanawe baada yake, sheria ilimwekea chombo cha kusemea hivyo, nacho ni wosia. Kama alitaka iwe yake papo hapo, alikuwa na uwezo wa kumhamishia. Hati ya uwakili haisemi lolote kati ya hayo. Inasema: nifanyie kazi hii, nami nikuulize hesabu. Aliyepewa hati anawajibika kutoa hesabu ya kila shilingi aliyopokea, na baada ya kifo hesabu hiyo inadaiwa na warithi wote, akiwamo yule dada aliyeolewa Tabora ambaye hakuna aliyemkumbuka wakati wa kusaini.

Suala la kifo cha aliyetoa mamlaka si jipya, na majaji walikutana nalo kabla Dar es Salaam haijawa mji. Mwaka 1829, katika shauri la Uingereza la Blades dhidi ya Free, bwana mmoja alikuwa amesafiri ng'ambo akamwacha mwanamke aliyeishi naye kama mke, akiendelea kuchukua bidhaa dukani kwa jina lake. Bwana alifia huko huko. Habari zilichelewa kufika, mwenye duka akaendelea kutoa bidhaa bila kujua. Alipodai fedha kutoka kwenye mali ya marehemu, aliambiwa hana dai: mamlaka yalikwisha na pumzi ya aliyeyatoa, habari ziwe zimefika au la.

Sheria ya India ya 1872 ililainisha ukali huo, na Tanzania ikaurithi ulaini. Ukomo wa uwakala unaanza kumhusu wakala pale anapoujua, na unawahusu watu wengine pale wanapoujua wao. Mfano uliowekwa ndani ya sheria ile ni wa mtu aliyemwagiza wakala wake alipe fedha fulani. Mwagizaji akafariki, wakala akalipa kabla hajapata habari. Malipo yale ni halali hata mbele ya msimamizi wa wosia. Kwa hiyo mpwa aliyetia sahihi mkataba wa upangaji Ilala asubuhi, mjomba akiwa amefariki Muscat alfajiri na simu ikaingia mchana, hana kosa. Aliyekaa matanga siku tatu, akagawa vyeti vya shukrani kwa waombolezaji, kisha akaenda kusaini mkataba wa mauzo kama wakala wa marehemu, hana pa kujificha.

Na bado kuna jambo moja ambalo sheria hiyohiyo inamtaka aliyepewa hati alifanye baada ya kifo, ambalo vishoka hawalitaji kwa sababu halina fedha: kulinda. Kama paa linavuja, azibe. Kama wapangaji wanalipa, apokee na kuandika, fedha zikae salama zikimsubiri msimamizi. Kama kuna kesi inayotajwa wiki ijayo, aende kuiarifu mahakama kwamba mwenye kesi amefariki. Kuhifadhi ni wajibu wake. Kuuza kumeondoka mikononi mwake.

Dhana kwamba hati hudumu baada ya kifo ina pacha wake, naye anaumiza zaidi kwa sababu mwathirika bado yuko kitandani.

Familia nyingi huanza kuitafuta hati ya uwakili siku mzee anapopata kiharusi au anapoanza kuwasahau wanawe majina. Wakili huitwa nyumbani, mzee huinuliwa kwa mito, wino hupakwa kwenye dole gumba lake. Hati ya namna hiyo imezaliwa mfu. Mtu anayetoa mamlaka lazima awe na akili timamu wakati anapoyatoa, aelewe anampa nani, uwezo gani, juu ya mali ipi. Kupooza mkono hakumwondolei mtu uwezo huo. Wapo waliopooza upande mzima na wanajua mpaka deni la mwuza maziwa. Hao hati yao ni halali, mradi wakili awasomee kwa lugha wanayoielewa, awaulize maswali wakiwa peke yao bila anayenufaika kusimama kichwani, na aandike kwamba alifanya hivyo. Lakini kama fahamu imekwenda, hakuna wino unaoirudisha, na wakili anayegonga muhuri wake pale anajua anachokifanya.

Hati iliyotolewa mzee akiwa mzima nayo inakoma akili inapomtoka. Hapa ndipo hata wasomi hushtuka, kwa sababu wanadhani ugonjwa ndio hasa sababu ya kutoa hati. Mwaka 1879 mahakama ya Uingereza, katika shauri la Drew dhidi ya Nunn, ilisikiliza madai ya mfanyabiashara wa viatu aliyemkopesha mke wa mtu aliyekuwa amerukwa na akili. Mume alikuwa amempa mkewe mamlaka ya kununua kwa jina lake alipokuwa mzima. Alipopona akakataa kulipa. Majaji walisema mamlaka ya mke yalikwisha mume alipochanganyikiwa, ila mwenye viatu hakuarifiwa, hivyo alipwe. Mwaka 1910, katika shauri la Yonge dhidi ya Toynbee, mzigo ukahamia kwa mawakili wenyewe: waliendelea kumtetea mteja mahakamani bila kujua kwamba alikuwa amethibitishwa kuwa na ugonjwa wa akili, na wakaamriwa kulipa gharama za kesi kutoka mifukoni mwao. Kila mwanasheria aliyesoma sheria ya uwakala analifahamu shauri hilo, ndiyo maana wale makini huuliza afya ya mteja kabla ya kuuliza ada.

Uingereza baadaye ilitunga aina ya hati inayodumu hata akili ya aliyeitoa ikidhoofika. Ile inayotolewa sasa ilianza Oktoba 2007 chini ya Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya 2005, na Watanzania wanaoishi London au Reading hukutana nayo wanapowatunza wazee wao huko. Husajiliwa kwenye ofisi maalumu ya serikali kabla ya kutumika. Wengine hudhani wanaweza kuileta Dar es Salaam ikafanya kazi juu ya nyumba ya Kinondoni mzee akiwa hajitambui. Ardhi ya Tanzania hufuata sheria ya Tanzania. Na hata huko Uingereza hati hiyo, pamoja na uimara wake wote, hukoma siku mwenyewe anapofariki.

Linalofuata ni neno linalouzwa ghali kuliko yote: hati "isiyobatilika". Kishoka akibanwa kwamba hati hufa, hujibu kwamba hii yake imeandikwa maneno hayo kwa herufi kubwa, kwa hiyo hata kifo hakiigusi. Ana punje moja ya ukweli, na punje hiyo ndiyo inayowaponza watu.

Sheria inautambua uwakala mmoja usiokufa kirahisi: ule ambao wakala mwenyewe ana masilahi katika kitu anachopewa mamlaka juu yake. Mfano wa sheria ya India ni wa mtu anayedaiwa, akampa anayemdai mamlaka ya kuuza ardhi yake na kujilipa deni kutokana na bei. Mamlaka hayo hayaondolewi kwa hiari ya mdaiwa, wala hayakomi kwa kifo chake au kwa kurukwa kwake na akili, kwa sababu yalikuwa dhamana ya deni tangu mwanzo. Kinachoyafanya yadumu ni deni lenyewe, lililokuwepo na linalothibitika. Mtoto anayetarajia kurithi hana masilahi ya namna hiyo, na dalali anayengoja kamisheni hana pia. Kuandika "isiyobatilika" kwenye hati ambayo haina deni wala dhamana nyuma yake ni kuandika matakwa tu. Aliyetoa anaweza kuifuta kesho yake asubuhi, na kifo kitaifuta bila kuuliza.

India, kule sheria yetu ilikotoka, ililipa gharama ya dhana hii kwa miaka mingi. Katika miji kama Delhi watu walizoea kuuziana nyumba kwa hati ya uwakili ya jumla, mkataba wa mauzo na wosia, vyote vikifungwa pamoja, ili kukwepa ushuru na usajili. Mnunuzi alihesabu kwamba ana nyumba. Oktoba 2011 Mahakama ya Juu ya India, katika shauri la Suraj Lamp, ilisema bila kuzunguka kwamba hati ya uwakili haihamishi umiliki wa ardhi, na kwamba mauzo ya namna hiyo si mauzo. Umiliki huhama kwa hati ya uhamisho iliyosajiliwa. Mahakama za Tanzania hazifungwi na uamuzi huo, lakini hoja yake ni ileile iliyomo kwenye sheria zetu za ardhi, na mtu aliyenunua kiwanja Kigamboni akapewa hati ya uwakili mahali pa hati ya uhamisho amekabidhiwa ruhusa ya kumfanyia kazi muuzaji. Muuzaji akifariki, mnunuzi anabaki na mkataba wa kudai, anaanza kumtafuta msimamizi wa mirathi, na kuomba Mungu msimamizi huyo awe mtu mwenye haya.

Chukua kiwanja cha Goba. Mwana anakiuza kwa hati ya marehemu baba, bei inashuka kidogo kwa sababu ana haraka, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anagonga muhuri, mnunuzi anapiga msingi. Mwaka wa tisa, mabati yameshakaa na watoto wa mnunuzi wanasoma shule ya jirani, binti wa marehemu anarudi kutoka Mwanza na barua ya usimamizi wa mirathi. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 12 ya kudai ardhi, kwa hiyo hajachelewa. Muuzaji hakuwa na cha kuuza, mnunuzi hakununua kitu, na muhuri wa serikali ya mtaa hauwezi kumpa mtu ardhi ambayo muuzaji hakuwa nayo. Kinachobaki kwa mnunuzi ni kumdai muuzaji fedha zake, kama bado zipo.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Wakigundua kwamba hati ingetakiwa kutolewa kabla ya kifo, wanaiandika baada ya kifo na kurudisha tarehe nyuma. Hapo mambo yametoka kwenye madai yameingia kwenye jinai. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inapotaja nyaraka ambazo kuzighushi kunaweza kumpeleka mtu kifungo cha maisha, inaiweka hati ya uwakili bega kwa bega na wosia na hati ya kumiliki ardhi. Ya Kenya inasema vivyo hivyo. Kenya pia ina kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinachofanya kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria kuwa kosa, kwa faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kutumia kadi ya benki ya marehemu na namba yake ya siri, eti kwa sababu alikuwa ameitaja kwa mapenzi yake, ni kuchota mali ya warithi wote. Benki ikipata habari ya kifo huifunga akaunti mpaka aje msimamizi, na taarifa ya akaunti itaonyesha kila kilichotolewa baada ya tarehe iliyo kwenye cheti cha kifo.

Baada ya hayo, hati ya uwakili inafaa kwa nini? Kwa mengi, mradi aliyeitoa yu hai na akili zake anazo. Anayefanya kazi Doha anaweza kumpa dada yake uwezo wa kufuatilia hati miliki. Mgonjwa aliyelazwa anaweza kumpa mkewe uwezo wa kupokea kodi. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayesafiri kwenda Guangzhou anaweza kumwachia mshirika wake kazi ya kutoa mzigo bandarini.

Iandikwe kwa kazi maalumu. Itaje kiwanja kwa namba, akaunti kwa namba, gari kwa namba, na iwe na tarehe ya mwisho. Mahakama huisoma hati hii kwa ubahili: uwezo wa kukusanya kodi haubebi uwezo wa kuuza, na uwezo wa kuuza haubebi uwezo wa kuweka rehani. Kama haikusema kwamba aliyepewa anaweza kumpa mwingine, asimpe. Asijiuzie mwenyewe wala mkewe bila mwenye mali kujua na kukubali, maana mwenye mali anaweza kuukataa mkataba huo wote. Nyumba ya wanandoa haiuzwi kwa hati ya mume peke yake; Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza, na ridhaa hiyo itolewe na mwenza mwenyewe.

Isainiwe mbele ya wakili ambaye ni mthibitishaji wa umma au kamishna wa viapo, na ilipiwe ushuru wa stempu. Aliye nje ya nchi aende ubalozini. Ikihusu ardhi iliyosajiliwa iwasilishwe kwa Msajili wa Hati. Bila hivyo uhamisho utakwama. Mahakamani, Sheria ya Mwenendo wa Madai humruhusu mwenye hati kufika kwa niaba ya mdaawa, ila majaji wameibana ruhusa hiyo kwa wale ambao kweli hawawezi kufika, kama walio nje ya nchi. Na haimgeuzi aliyepewa kuwa wakili wa kupokea wateja.

Kwa mnunuzi: afanye upekuzi kwa Msajili, aione hati halisi na si kivuli chake, kisha azungumze na mwenye mali mwenyewe kwa simu ya picha siku ya kulipa, siku hiyo hasa. Akiambiwa mzee amelala, angoje aamke.

Kufuta ni kwa maandishi. Aliyepewa aarifiwe, hati halisi irudishwe, na barua ziende benki, kwa wapangaji na kwa Msajili, kwa sababu asiyejua kwamba imefutwa analindwa na sheria. Tangazo la gazeti linasaidia. Ikihofiwa kwamba kiwanja kitauzwa, kiwekewe zuio kwa Msajili, lile wanaloliita kaveti.

Akili ikishamtoka mzee, mlango ni mahakama: Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inaiwezesha kumteua wa kusimamia mali yake, kwa ushahidi wa daktari.

Kwa anayefikiria kifo, njia ni tatu. Aandike wosia, ambao RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, pia huuandaa na kuuhifadhi. Mwislamu akumbuke kwamba wosia wake hauvuki theluthi. Au ahamishe mali sasa, kwa hati ya uhamisho na kodi zake, akijua kwamba akishahamisha si yake tena. Au, kwa wanandoa, waandikishwe kuwa wamiliki wa pamoja wa nyumba, ili mmoja akitangulia nyumba ibaki kwa mwenzake. Asipofanya lolote, warithi waende mirathi. Kwa mali zinazofuata mila au sheria ya Kiislamu ni Mahakama ya Mwanzo: cheti cha kifo, fomu namba 1, tangazo, na pasipo pingamizi fomu namba 4 ndiyo inayomteua msimamizi, ndani ya miezi minne anarudisha namba 5, orodha ya mali, na baadaye namba 6, hesabu ya mgawo. Familia zisizo na ugomvi humaliza kwa gharama ndogo kuliko walizomlipa kishoka.

Na mrithi aliyeko Muscat au Minneapolis ambaye hawezi kuja kusimama mahakamani? Huyo anaweza kumpa ndugu yake hati ya uwakili ili ndugu aombe usimamizi kwa niaba yake. Sura ya 352 imeweka nafasi hiyo. Hati hiyo ni halali kwa sababu aliyeisaini ni mrithi, naye yu hai.